Suruali Isiyo na Akiba

Katika maisha yake yote ya utu uzima, Inchi Moja hakuwahi kubanwa na suruali. Watu wengine wakinenepa huambiwa na suruali kabla hawajaambiwa na mtu: kifungo kinagoma, zipu inakwama njiani, mkanda unaomba tundu jipya. Yeye alikuwa fundi cherehani. Suruali ikianza tu kulalamika, aliivua wakati wa chakula cha mchana, akajifunga shuka, akaipandisha kwenye cherehani, na kabla chai haijapoa ilikuwa imenyamaza. Kitambaa cha akiba kilipokwisha ndani ya mshono, alitia kipande nyuma, pale shati linapofunika. Kipande cha kwanza kilitoka kwenye sare ya shule. Cha pili kilikuwa pazia.

Jina la Inchi Moja alipewa na wateja, maana ndiyo dawa aliyokuwa nayo kwa kila mtu. Anaingia mwalimu, koti halifungi, uso chini kwa haya. "Aa, mwalimu, usijali. Ni kitambaa kimesinyaa, si umekifua kwa maji moto? Tunaongeza inchi moja tu." Mwalimu anatoka kifua mbele. Hakuna mtu aliyewahi kutoka kwenye duka lile akiwa mnene. Mtaa mzima ulikuwa na watu wembamba wenye nguo zilizosinyaa.

Nyuma ya mlango wa duka lilining'inia koti la kahawia la kaka yake. Kaka huyo, bonge la mtu, alilileta likaongezwa inchi moja, akarudi likaongezwa nyingine, na mara ya tatu hakuja kulichukua. Alikaa sebuleni kwake akisema ana gesi, akaomba soda baridi, akafa kabla soda haijafunguliwa. Koti likabaki kwenye msumari. Fundi hakulitoa, wala hakulitazama. Akitaka kufunga mlango ule, aliufunga kwa mgongo.

Basi tucheke, lakini tucheke tukijishika viuno, kwa sababu mafundi wa namna hii sote tunao nyumbani, na wengine wetu ndio wenyewe.

*

Mambo yalianzia kwenye ngazi. Fundi alikuwa anapeleka mapazia kwenye ofisi moja ghorofa ya tatu, lifti imekufa, na mkewe amefuatana naye kubeba fimbo za kutundikia. Ghorofa ya kwanza alipanda akisimulia jambo. Ya pili akapanda bila kusimulia. Kabla ya kufika ya tatu akaketi juu ya furushi la mapazia, kifua kimembana kana kwamba kuna mtu mzima amekikalia.

"Vipi?" mkewe akauliza.

"Natazama hizi ngazi. Zimejengwa vizuri sana."

"Mbona unatazama umefumba macho?"

Mkewe aliacha fimbo zikabingirika mpaka chini, akamshika mkono, na safari iliyofuata ilikuwa ya kliniki.

Kosa kubwa alilofanya Fundi siku ile, kama alivyokuja kukiri baadaye, ni kuingia kwa daktari pamoja na mke. Peke yake angeweza kujitetea. Nesi ndiye aliyeanza, akamuuliza kiuno chake ni inchi ngapi, maana yeye ni fundi, bila shaka anajua.

"Thelathini na sita," akajibu bila kupepesa jicho. Kilikuwa kiuno cha mwaka aliooa.

Nesi akamtazama, akatoa tepu yake, akamzungushia. Ilibidi anyooshe mikono kama anayekumbatia pipa. "Arobaini na tano."

"Tepu yako imesinyaa. Mnaziosha kwa maji moto?"

Akachomoa tepu yake mwenyewe iliyokuwa shingoni, ile ya kazi, akajipima kwa madaha ya mtu anayekwenda kuumbua mwenzake. Akasoma. Akaikunja taratibu akaitia mfukoni.

"Na hiyo inasemaje?" nesi akauliza.

"Zimetoka kiwanda kimoja," akasema Fundi.

Daktari alikuwa mwanamke ambaye sare zake za shule alizishona Fundi huyu huyu, kwa hiyo hata pa kutolea ukali hapakuwapo. "Presha yako iko juu mno, Fundi."

"Ni zile ngazi, daktari."

"Ngazi umeshashuka zamani. Asubuhi unakula nini?"

"Kidogo tu. Chai."

"Na mayai ya kukaanga," mkewe akasema. "Na chipsi."

"Sukari kwenye chai?"

"Kijiko kimoja."

"Anakirudia mara nne," mkewe akasema.

"Mazoezi?"

"Mguu wangu haupumziki, daktari. Unakanyaga cherehani mchana kutwa."

"Cherehani yako ina mota, Fundi. Nilikuja juzi kuchukua gauni, nikaisikia." Daktari akaweka kalamu chini. "Katika familia yenu kuna aliyepatwa na maradhi ya moyo?"

Fundi akatazama dirisha. "Kaka yangu. Lakini yule alikuwa na gesi."

Mkewe safari hii hakuongeza neno. Daktari akamwambia polepole, kama mtu anayezungumza na baba yake, kwamba moyo wake bado unafaa, lakini umeanza kubisha hodi, na mwenye nyumba akijifanya hasikii, utavunja mlango. Vidonge angempa, ila vidonge peke yake havitoshi. Chumvi ya kunyunyiza mezani iondoke. Vya kukaanga viwe vya siku moja moja. Ale mboga, matunda, maharage, na sukari aisahau. Na kila siku atembee mpaka jasho limtoke. "Kiuno kikipungua, na moyo utapumua. Si kazi ya siku moja, lakini inawezekana."

"Inawezekana," akajibu mkewe, na Fundi akajua kwamba amekwisha.

*

Kuanzia kesho yake nyumba ilikuwa na serikali mpya. Kichupa cha chumvi kilifungiwa kabatini, na ufunguo ukakaa kwenye pindo la nguo ya mkewe. Sufuria ya kukaangia ikapewa likizo. Kila alfajiri Fundi alitolewa nje kama mbuzi, akaambiwa azunguke uwanja wa mpira, arudi akiwa ametoka jasho. Na kila Jumapili mkewe angempima kiuno kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya kwanza alikusudia kwenda uwanjani kweli. Nia alikuwa nayo. Lakini njia ya uwanjani inapita kona, na konani kuna kibanda cha muuza chai, na muuza chai alikuwa na mafuta yaliyokwisha kupata moto.

"Fundi! Leo umeamka na jogoo?"

"Niko mazoezini," akasema Fundi, akaketi.

Ikawa ndiyo desturi. Alikula chipsi na mayai kwa utulivu wa mtu aliyefanya kazi kubwa, akaomba jagi la maji ya kunawia, akajimwagia shatini, mgongoni na kwapani, na kidogo kwenye paji la uso. Akifika karibu na mlango wa nyumbani alianza kuhema. Mkewe alimpokea kwa taulo. "Pole, mume wangu. Hongera." Zile hongera zilikuwa zikimchoma, tusiseme uongo. Aliwahi hata kukusudia kumwambia. Lakini angeanzia wapi?

Jumapili ikakaribia. Jasho unaweza kulichota kwenye jagi, ila inchi utazichota wapi? Ndipo Fundi alipofanya jambo ambalo mtu wa kazi nyingine asingeweza kulifanya, na mwenye akili zake asingelifanya. Alichukua tepu mbili za aina moja. Kwenye moja akakata kipande cha inchi tatu, kinachoishia kwenye ishirini. Nyingine akaikata palepale penye ishirini, akakipachika kile kipande kati, akabandika kwa gundi, akapitisha uzi mwembamba kwa chini. Mshono ule, jamani! Hata ukiupitishia ukucha ulikuwa huusikii. Tepu ikawa inahesabu mpaka ishirini, inarudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau kitu, inahesabu ishirini tena, kisha inaendelea na safari. Nani angejua? Hakuna anayesoma katikati ya tepu. Watu husoma mwisho.

"Arobaini na mbili!" mkewe akapiga vigelegele Jumapili ile. "Wiki moja tu!" Akampigia simu dada yake papo hapo kumwambia kwamba shemeji yake anayeyuka. Fundi alisimama amevua shati, anatabasamu, tumbo likiwa palepale lilipokuwa. Tepu ile ikapewa msumari wake chumbani, ukutani, kama picha ya mtoto aliyefaulu.

*

Fundi alikuwa na binti mmoja, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, aliyejifunzia kazi kwenye meza ya baba yake na kushona kumzidi, ingawa baba alilisema hilo tu pale binti asipokuwepo. Mwezi ule binti alipata kazi yake ya kwanza aliyoitafuta mwenyewe: sare za walinzi wa kampuni moja. Mkuu wao, waliyemwita Kamanda, alikuwa ameona gauni alilolishona, akasema, "Kazi hii nakupa wewe, si mzee." Binti hakulala kwa furaha. Kazi hiyo ikienda vizuri, zingefuata za matawi mengine, na jina lake lingeandikwa kwenye kibao cha duka chini ya la baba yake.

Asubuhi ya kwenda kuwapima walinzi, alitafuta tepu yake akaikosa. Baba alikuwa konani, mazoezini.

"Chukua hii ya baba yako," mama akasema, akaitungua ukutani. "Ina baraka hii."

Walinzi walipimwa kwenye maegesho ya magari wakiwa wamepanga mstari, mmoja mmoja, haraka haraka, maana zamu ilikuwa inabadilishwa. Binti alishangaa kidogo kuona jinsi walivyo wembamba kuliko walivyoonekana, akadhani ni mshahara. Alirudi akakata vitambaa mezani, kwa kipimo kilichopigiliwa misumari kwenye ubao wa meza, kipimo cha haki. Alishona kwa moyo wote. Mishono ilikuwa minyoofu, vifungo vimeshonwa kwa uzi maradufu, kola zimesimama.

Siku ya kuvaa, walinzi walijaa dukani. Kufumba na kufumbua ikaonekana kuna balaa. Suruali ziliishia juu ya vifundo. Mashati yaliachama mbele, kila kifungo kikivutana na tundu lake. Mlinzi mmoja, pande la mtu, alifanikiwa kufunga suruali kwa kuvuta pumzi, lakini alipojaribu kumpigia Kamanda saluti, kifungo kikamtoka kikagonga kioo.

"Hizi umewashonea watoto wao?" Kamanda akauliza. Wapita njia wakasimama mlangoni. Mke wa Fundi, aliyekuwa amewasili na mboga za kuchemsha ndani ya bakuli, akasimama nao.

"Nilipima," binti akasema. "Naapa nilipima." Akachukua tepu ile ile, akamzungushia lile pande la mtu. "Thelathini na tano. Na hapa nimeandika thelathini na tano."

"Basi suruali ni ya thelathini na tano, mtu ni wa thelathini na tano, na kifungo kimeruka!" Kamanda akacheka, na mlangoni wakacheka pia. "Binti huyu hata namba hajui. Mzee, kuanzia leo pima mwenyewe. Huyu abaki na kushona vifungo, ingawa navyo naona vinaruka."

Fundi alikuwa ameshajua tangu alipoiona tepu mkononi mwa mwanawe. Alijua, na akanyamaza. Tena akafanya baya zaidi ya kunyamaza: alikohoa akasema, "Hata mimi nilipokuwa naanza, nilikosea sana." Binti akainama. "Nisameheni," akasema. "Labda macho yangu." Akafuta machozi kwa kiganja, upesi, asionekane.

"Lakini hiyo tepu haikosei," mama yake akasema kwa kumtetea. "Ndiyo ninayompimia baba yako kila Jumapili."

Jasho likamtoka Fundi, la kweli safari hii. Uongo ulikuwa tayari ulimini, mzuri, umenyooka: tepu za siku hizi ni mbovu, viwanda vimeharibika. Angeusema na wote wangemwamini. Kifua kikaanza kumbana kama siku ile ya ngazi. Akamtazama mwanawe aliyekuwa anayalaumu macho yake mazima, akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

"Lete hapa," akasema.

Akaishika tepu, akaitafuta ishirini, akaukwangua ule uzi kwa ukucha mbele ya watu wote. "Someni. Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Haya, endeleeni. Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Binti yangu namba anazijua. Mimi ndiye nimezishona mara mbili, ili mke wangu adhani nimepungua. Na uwanjani sijawahi kufika. Nakaa pale konani nakula chipsi, halafu najimwagia maji."

Kisha lile pande la mtu likaangua kicheko, likashika ukuta, na kila mtu akacheka, hata Kamanda, hata binti huku machozi yakimtoka. Fundi naye akacheka. Angefanyaje? Alipandisha shati akawaonyesha kipande cha pazia.

Mkewe hakucheka.

"Tumekula bila chumvi," akasema. "Mimi sina presha, mwanao hana presha, tumekula mboga kama sungura ili usijione peke yako. Nimempigia dada yangu simu. Nimekwambia hongera kila asubuhi, na wewe unaipokea." Akaweka bakuli chini. Akaenda nyuma ya mlango, akalitungua lile koti la kahawia, akalikung'uta vumbi. "Vaa."

"Mke wangu, hilo..."

"Vaa."

Akavaa. Koti la kaka yake, mtu ambaye mtaa mzima ulimjua kwa unene wake, lililoongezwa mara tatu kwa mkono wa Fundi mwenyewe, lilimkaa vizuri kabisa. Mabega sawa. Kifungo kikafungika. Halikuhitaji hata inchi moja.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Fundi alijiona kwenye kioo, akaogopa. Aliogopa kufa, wazi wazi, mbele ya walinzi na wapita njia. "Kaka yangu hakuwa na gesi," akasema. "Nilijua. Kila alipokuja nilijua, nikamwambia kitambaa kimesinyaa." Mkewe akamfungua kile kifungo, akamvua koti taratibu, akalia naye.

*

Sare ziliokoka. Binti alikuwa ameacha akiba ya kutosha kwenye kila mshono na kila pindo, kama alivyofundishwa, na kwa siku chache za kazi zikafunguliwa zote zikawaenea. Kamanda aliomba radhi, kwa namna ya makamanda, yaani alileta kazi nyingine bila kusema lolote. Vipimo alivichukua binti, na mzee akakaa mbali.

Kisha binti akamgeukia baba. Akatoa tepu mpya, akailinganisha kwanza na kipimo cha meza mpaka mwisho, akampima. "Arobaini na tano," akatangaza kwa sauti, kama karani. Akachukua suruali zote za zamani, zenye vipande vya sare na vya pazia, akazikatakata zikawa matambara ya kufutia mafuta ya cherehani. Siku ya pili akamkabidhi suruali mpya moja, nzuri, ya kijivu.

Fundi akavuta pumzi, akafunga kifungo. Ilimbana. "Hii ni ngapi?"

"Arobaini na nne."

"Mwanangu, ungeniongezea inchi..." Akanyamaza mwenyewe. Akaivua, akaigeuza ndani nje kutafuta akiba, kwa mazoea. Hapakuwa na akiba. Binti alikuwa ameikata ikabaki kiasi cha kushika uzi tu, kila mshono, kuanzia kiunoni mpaka miguuni.

"Hiyo haina pa kulegeza, baba," akasema. Alikuwa hatabasamu. "Ama upungue wewe, ama utembee na shuka. Sitaki kubaki na suruali yako kwenye msumari."

Alfajiri iliyofuata Fundi alitoka nayo. Mkewe alikuwa ametangulia, maana safari hizi sasa walikwenda wote wawili, na tena alikuwa hamsubiri. Konani mafuta yalikuwa yanachemka.

"Fundi! Keti basi."

Mazoea yana taabu. Akaketi. Suruali ikamkamata tumboni, ikamkaba hata akashindwa kusema neno. Akasimama.

"Vipi tena?" muuza chai akauliza.

"Mimi sina neno," Fundi akasema. "Suruali ndiyo imekataa."

Akauzunguka uwanja kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akipitwa na watoto wa shule na kikongwe mmoja mwenye mkongojo aliyempa pole. Alipomfikia mkewe, pumzi zilikuwa zimemwishia na shati limelowa. Mkewe akalitazama lile shati kwa wasiwasi, na alikuwa na haki. Akapitisha kidole kwenye paji la uso la mumewe, akakionja.

"Lina chumvi," akasema.

"Ni jasho la kweli hilo."

"Basi ndiyo chumvi yako ya leo. Haya, twende, mzunguko mwingine."